Mzungu Anapanda Mlima kwa Ajili Yenu: Hela Zinaishia Wapi?

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Wa Moshi, wa Arusha, na nyie wa Himo mnaolalamika huwa siwataji, karibuni. Kila msimu mnawaona Wazungu geti la Machame, wamevaa fulana za shirika la hisani wanalolichangishia. Leo tuzifuate hela zao, na tuziweke pembeni ya zile za serikali ya huku Uingereza.

Kwanza ukubwa. Machi 2009 watu maarufu tisa wa huku walipanda Kilimanjaro kulichangishia shirika la hisani la Comic Relief, zikapatikana zaidi ya pauni milioni 3. Chukua sasa mwaka 2023: serikali ilitumia pauni bilioni 15.3 kwa misaada ya nje. Gawa kwa siku, gawa kwa saa, uone: milioni 3 zile zinaisha hata saa mbili hazijatimia. Anayesema michango itaziba pengo la misaada ya serikali inayopunguzwa hajapiga hesabu.

Ila msishangilie. Katika hizo bilioni 15.3, asilimia 28, yaani kama bilioni 4.3, hazikuvuka mpaka wa Uingereza kabisa. Zililipia wakimbizi na waomba hifadhi waliopo huku huku, hoteli zikiwemo. Si wizi, kanuni za OECD, umoja wa nchi tajiri, zinaruhusu gharama za miezi 12 ya kwanza kuhesabiwa kama msaada wa nje. Na fungu lenyewe linashuka. Sheria ya 2015 ilitaka asilimia 0.7 ya pato la taifa, mwaka 2021 ikawa 0.5, na Februari 2025 Keir Starmer akatangaza 0.3 ifikapo 2027, tofauti iende kwenye ulinzi. Marekani wao hawakungoja: amri ya Januari 20, 2025 ikasimamisha misaada, na nyie mnaohudhuria CTC, kliniki za VVU, mnajua miradi ilivyoyumba.

Turudi kwa mwenye fulana. Huku kuna utaratibu unaitwa Gift Aid: mlipakodi akichanga pauni 10, shirika linadai serikalini pauni 2.50 za nyongeza. Kwa hiyo hata mnayoiita hela ya watu binafsi, ya serikali imo ndani.

Kwenye safari za mlima kuna mtego. Tuseme, mfano tu, dada mmoja kachangisha pauni 5,000 kwa walipakodi watupu, na safari yake ya pauni 2,500 inalipwa na shirika kutoka humo humo. Kama 2,000 zimetoka kwa wazazi na kaka zake, hizo haziombewi Gift Aid, maana kwa macho ya mamlaka ya kodi ndugu wamemlipia mtu wao matembezi. Zinabaki 3,000, zinazaa 750. Jumla 5,750, toa 2,500, mradi unabaki na 3,250. Angejilipia safari mwenyewe, 5,000 zote zingestahili, zingezaa 1,250, na mradi ungepata 6,250. Karibu mara mbili, mlima uleule!

Wapo wanaoita ile 2,500 upotevu. Sikubaliani nao. Humo ndimo wanamolipwa wagumu (wapagazi), mpishi na waongozaji, na ada za TANAPA. Ada ya hifadhi peke yake ni dola 70 kwa siku kabla ya VAT. Tatizo ni mchangaji wa huku kudhani pauni yake yote imenunua madawati.

Sasa, kama mtu kajitolea kuchangishia kikundi chenu, kabla hamjapiga naye picha mwombeni namba ya usajili ya shirika lake. Kwa England na Wales, ingieni tovuti ya Charity Commission, msimamizi wa mashirika ya hisani, bure kabisa, mwangalie mapato, matumizi, na kama hesabu zinawasilishwa kwa wakati. Muda wao ni miezi 10 baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Anayechelewesha kila mwaka, shukuruni na muachane naye.

Upande wenu, andaeni cheti cha usajili, akaunti ya benki yenye jina la kikundi na watia saini angalau wawili. Namba ya M-Pesa ya katibu haitoshi, hata kama katibu ni mchungaji, kwa sababu shirika la huku lazima liweze kuonyesha kwamba hela ilifika na ikafanya kazi iliyokusudiwa. Manunuzi yawe na risiti za EFD. Bajeti ifanyeni kwa shilingi, muweke akiba ya kushuka kwa pauni, na mtumaji akubali kulipia makato yote ya benki upande wake, la sivyo benki za katikati zitakata na hesabu hazitalingana.

Mishahara na dawa za kila mwezi msizitegemeze kwenye mchango wa mlima. Anayepanda mwaka huu mwakani anakimbia marathoni kwa ajili ya wengine.

Jambo linaloua miradi mingi ni maneno ya tangazo la mchango. Kisheria, hela iliyoombwa kwa kuchimba kisima ni ya kuchimba kisima tu. Pampu ikiungua mwaka wa pili, salio lipo benki na hamruhusiwi kuligusa hivi hivi. Kwa hiyo ombeni msome tangazo kabla halijatoka, liandikwe hivi: "kuchimba na kutunza kisima, na zitakazozidi zitumike kwa shughuli nyingine za kikundi."