Ila ya Kiwandani na Jeraha la Mkononi: Namna ya Kuthamini Sarafu za Zamani

Wazee wetu, mabibi na mabwana, na vijana mliofika hapa Moshi, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Wengi mmekuja na sarafu mfukoni na mngependa kujua bei. Naomba tutangulize swali jingine: ila iliyomo kwenye sarafu yako iliingia lini? Iliyoingia kiwandani, sarafu ilipokuwa ikipigwa chapa, huweza kuipandisha thamani. Iliyoingia baadaye huishusha, karibu kila mara.

Tuchukue senti kumi za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati. Isiyo na tundu hutafutwa sana na wakusanyaji, kwa kuwa kipande hicho kilipita kwenye mashine bila kutobolewa. Lakini tundu huzibika kwa lehemu. Itazameni kwa kioo cha kukuza: kama kuna mstari wa duara pale tundu linapopaswa kuwa, au rangi ya katikati inahitilafiana na ya pembeni, mkono wa fundi umepita hapo.

Sarafu iliyomeguka ukingoni inataka uangalifu zaidi. Kiwandani, vipande hukatwa kutoka kwenye bamba la madini, na bamba lisiposogea vya kutosha, kipande kipya hukatwa kikiwa kimegusa nafasi ya kilichotangulia, kikatoka na pengo lenye umbo la mwezi mchanga. Mara nyingi ukingo wa upande unaolikabili pengo hilo huwa hafifu, kwa sababu haukupata mgandamizo kamili. Aliyetumia tupa hawezi kuuiga udhaifu huo wa upande wa pili, na herufi alizozigusa huwa zimekatwa ghafla.

Si kila ila ya kiwandani ni adimu. Sarafu za heller 20, yaani sarafu ndogo za koloni la Wajerumani, zilizopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, zilitengenezwa kwa shaba nyekundu na shaba ya njano, kwa vifaa duni, na nyingi zina chapa isiyo sawa. Hapo upungufu wa chapa ni jambo la kawaida; mkusanyaji huangalia ukubwa wa taji na ncha za herufi L za neno HELLER, kwani ndizo zinazotenganisha aina moja na nyingine.

Rupia ya fedha ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na takribani gramu 10.7 ni fedha halisi. Iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni haishuki chini ya bei ya fedha yake, ingawa mkusanyaji hataiongezea kikubwa. Sarafu za thamani ya rupia mbili za mwaka 1893 na 1894, kwa uchache wake, hutafutwa hata zikiwa na jeraha. Nawasihi kwa moyo wote, msizisugue kwa majivu wala kuziosha kwa ndimu! Utando mweusi ni ushahidi wa umri, na mikwaruzo ya kusugua haifutiki.

Mwenye rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, yenye picha ya tembo, aipeleke kwanza kwenye mizani ya sonara. Uzito wake halali ni gramu 7.168, na kwa kuwa za kughushi zipo, inayopishana sana na kipimo hicho isiuzwe wala kununuliwa kabla mtaalamu hajaikagua.