Aboud Jumbe: Rais aliyejiuzulu Dodoma

MWANAIDI: Karibuni tena. Wiki iliyopita tuliishia kwa Mzee Karume. Leo ni aliyempokea kijiti, Alhaj Aboud Jumbe Mwinyi.

ATHUMANI: Asante, dada Mwanaidi. Habari hii mimi ilinikuta barazani kwetu. Mwisho wa Januari 1984, mama anachagua mchele kwenye ungo, taarifa ya habari ikasema Rais wa Zanzibar amejiuzulu. Baba akanyoosha mkono tunyamaze, akaisogeza redio hadi sikioni. Mama akabaki na ungo mapajani. Mchele ule haukuchaguliwa tena usiku huo.

MWANAIDI: Na neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni moja: hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka.

ATHUMANI: Hilo hilo. Mapinduzi yalikuwa yametoka tu kutimiza miaka 20.

MWANAIDI: Hebu turudi nyuma kidogo, kaka. Jumbe alikuwa mwalimu, amesoma Makerere. Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, ndiye akakabidhiwa nchi. Akawa Rais wa Zanzibar na pia Makamu wa Rais wa Muungano.

ATHUMANI: Na nchi aliyokabidhiwa haikuwa na katiba yake. Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria, ndilo lililotawala. Katiba ya Zanzibar ya 1979 ilitoka chini ya Jumbe, na Baraza la Wawakilishi likaanza kukaa mwaka 1980. Mimi hili namhesabia kubwa kuliko yote aliyoyafanya.

MWANAIDI: Mimi kinachoniuma ni 1977. Tarehe 5 Februari, siku ASP, chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar, inatimiza miaka 20, ndiyo siku iliyozikwa. Jumbe upande wa ASP, Mwalimu Nyerere upande wa TANU, chama cha Tanzania Bara, wakaziunganisha ikazaliwa CCM. Jumbe akawa Makamu Mwenyekiti.

ATHUMANI: Unaona ilikokuwa inaelekea.

MWANAIDI: Naona, ndiyo maana inaniuma. Kabla ya siku ile, Rais wa Zanzibar aliwajibika kwa chama chake, kwao Unguja. Baada yake, chama ni kimoja, kimeshika hatamu, na vikao vyake vikubwa vinakaa Dodoma. Kikao kilichomwondoa alikisimamisha kwa mikono yake mwenyewe.

ATHUMANI: Hapo sikupingi. Halafu likaja lile suala la serikali tatu. Mwaka 1983 chama kilifungua mjadala wa kurekebisha katiba, na Wazanzibari wakasema ya moyoni kuhusu Muungano. Jumbe naye akawa anaandaa hati ya kwenda Mahakama Maalumu ya Katiba, akisaidiwa na Mwanasheria Mkuu wake, Bashir Swanzy, mtu wa Ghana. Hoja yao: Tanganyika iwe na serikali yake, Zanzibar yake, na ya Muungano iwe ya tatu.

MWANAIDI: Mahakama ile imo katika Katiba ya Muungano yenyewe, jamani! Iliwekwa kwa ajili ya mivutano ya serikali hizi mbili zilizopo, ya Muungano na ya Zanzibar. Alikuwa anabisha hodi kwenye mlango halali.

ATHUMANI: Halali kabisa. Lakini aliandaa kimya kimya, dada. Hati ikamfikia Mwalimu kabla haijafika mahakamani. Halmashauri Kuu ya CCM ilipokaa Dodoma, Jumbe akahojiwa siku kadhaa, na miongoni mwa waliomkabili walikuwemo Wazanzibari wenzake. Hakuwa na watu nyuma yake. Kosa lake naliona hapo, si kwenye hoja.

MWANAIDI: Angemwambia nani waziwazi wakati ule wa chama kimoja? Mimi simlaumu kwa kimya kile.

ATHUMANI: Basi hapo tutofautiane. Akajiuzulu vyeo vyote: urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais, umakamu mwenyekiti wa chama. Nafasi yake Zanzibar akashika Ali Hassan Mwinyi.

MWANAIDI: Na suala halikwenda naye. Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuangalia suala la vyama vingi, ikapendekeza serikali tatu. Mwaka 2013 Tume ya Warioba, ile ya mabadiliko ya katiba, nayo ikaandika serikali tatu.

ATHUMANI: Jumbe mwenyewe akiwa Mji Mwema, Kigamboni, ng'ambo ya feri, amejishughulisha na dini. Mwaka 1994 akatoa kitabu kuhusu Muungano, akayaweka kwenye karatasi yale aliyotaka kuyapeleka mahakamani.

MWANAIDI: Alifariki Agosti 2016, ana miaka 96. Miaka 32 tangu Dodoma.