Kaliba ya Bunduki kwa Wanyama Waharibifu: Mhadhara Uliotolewa Malindi

Assalamu alaikum. Wazee wetu shikamooni. Ndugu na dada zangu, hamjambo.

Sheria kwanza. Hapa Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Nyani akivamia mahindi Langobaya, au kiboko akipanda usiku kutoka mto Sabaki, wa kuitwa ni KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya. Leseni ya bunduki haikupi ruhusa ya kumwinda. Kwa hiyo nitakayosema ni ya kule kunakoruhusiwa: Uingereza kwenye mbweha na sungura, Marekani kwenye koyote, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu, na wale kindi wa ardhini wanaotoboa malisho. Ila elimu ya risasi haina mpaka, na wapiga shabaha mlioko hapa itawafaa.

Wengi wakichagua kaliba, yaani kipimo cha upana wa tundu la mtutu na risasi yake, huulizia kasi. Ulizeni mambo matatu kabla ya kasi: mnyama yuko umbali gani, nyuma yake kuna nini, na upepo unavukaje kati yenu.

Chini ya mita 70 au 80, kaliba ndogo ya .22 Long Rifle inatosha kwa sungura. Ipo tangu 1887, risasi zake ni rahisi kupatikana, teke lake halisikiki begani. Kichwa cha risasi kina uzito wa gramu 2.6 na hutoka mtutuni kwa takriban mita 380 kwa sekunde. Hapa kuna jambo ambalo watu hawalipi uzito: udogo wa kaliba si usalama. Kichwa hiki ni madini laini yanayokwenda polepole, kikigonga ardhi ngumu hakivunjiki, kinadunda. Fikirieni mwamba wa matumbawe kama huu wa pwani yetu. Risasi ikiugonga kwa pembe ndogo, haijulikani itaishia wapi. Na ikirushwa juu huweza kwenda zaidi ya kilomita moja.

Ndiyo sababu .17 HMR, iliyotoka 2002, ilipendwa haraka. Kichwa chake ni gramu 1.1 tu lakini huenda mita 777 kwa sekunde, na chenye ncha ya plastiki husambaratika kikigusa kitu. Hatari ya kudunda hupungua, haiishi. Masafa yake ni hadi mita 150, siku ya shwari.

Siku ya shwari, nasema, kwa sababu upepo ndio unaoumbua kaliba. Nyinyi mnaoijua kusi hamhitaji kuelezwa inavyosukuma tanga. Chukueni upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuka kutoka ubavuni. Kwa mita 100, .22 Long Rifle husukumwa kama sentimita 14, na .17 HMR kama sentimita 10. Mkisogea hadi mita 150, hiyo .17 imeshapotea kama sentimita 25, yaani zaidi ya upana wa sungura. Kichwa chepesi huanza kwa mbio lakini hewa hukipunguza kasi upesi, na kadiri kinavyochelewa njiani ndivyo upepo unavyokichukua. Sasa .223 Remington yenye kichwa cha gramu 3.6: kwa mita 200, upepo ule ule huisogeza takriban sentimita 13 tu.

Kwa hiyo kwa mwenye kununua bunduki moja, jibu langu ni .223. Ilianza 1964, kasi yake ni karibu mita 990 kwa sekunde, na inamtosha mbweha au koyote hadi mita 250. Ukiirekebisha darubini ya kulengea ipige katikati kwa mita 200, kwa mita 100 itapiga juu kama sentimita 4, na kwa mita 300 itashuka kama sentimita 20. Hakikisha risasi yako inalingana na maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu: risasi ya kijeshi ya 5.56 usiitie kwenye chemba, yaani chumba cha risasi, iliyoandikwa .223 pekee, kwani shinikizo laweza kupanda kupita kiasi.

.22-250 hufika mbali zaidi, takriban mita 1,120 kwa sekunde, lakini huchoma baruti nyingi kwenye tundu jembamba. Mtutu hupata moto baada ya risasi chache na koo lake, yaani mwanzo wa mtutu mbele ya chemba, huliwa mapema. Kwa wanaopiga mara nyingi kwa siku, kama wale wa kindi wa ardhini, ni hasara. .243 Winchester ya 1955 inafaa pale tu mnyama mkubwa kidogo naye yumo katika mpango, au upepo haukatiki.

Angalieni pia mifuo ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Mtutu wa 1:14, yaani mzunguko mmoja kwa kila inchi 14, unapenda vichwa vyepesi, hadi gramu 3.6 hivi. Ukiutilia kichwa kirefu cha gramu 5, kitayumba na kuingia kwenye karatasi ya shabaha ubavu, na tundu litakuwa refu kama ufa. Mwenye bunduki huilaumu darubini wakati kosa ni la risasi. Kwa vichwa virefu tafuta 1:9 au 1:7.

Jaribuni hivi. Piga risasi tatu kwa mita 50 ili uingie karatasini, kisha makundi ya tatu tatu kwa mita 100, ukiacha mtutu upoe kila kundi. Usigeuze kitasa cha darubini kwa risasi moja. Geuza kwa katikati ya kundi. Halafu sogea 150 na 200, uandike upepo na mahali risasi ilipoangukia. Aina ya risasi ikibadilika, hata kwa uzito ule ule, anza upya.

Na kwa hewa yetu ya chumvi: pangusa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, usiiache bunduki ndani ya mfuko wa turubai, maana hutunza unyevu. Kabla ya kupiga, kausha ndani ya mtutu. Mafuta yakibaki humo, risasi ya kwanza hupotoka, na kwa mnyama ni hiyo ya kwanza tu uliyonayo.