Ile Nakala Iliyokubaliwa, Usiitupe
Mhadhara kwa watafiti chipukizi, Moshi

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo? Mliotoka Arusha alfajiri, karibuni sana, chai ipo.

Maana ya ufikiaji huria, yaani utafiti kusomwa bure mtandaoni na yeyote, sitaieleza kwa kirefu. Tangu Tamko la Budapest la mwaka 2002 imeelezwa vya kutosha, nanyi mmeisoma. Mimi nimekuja kwa ajili ya karatasi moja tu: ile hati ya hakimiliki mnayoitia saini bila kuisoma.

Misimu miwili nilipima kutu ya majani ya kahawa kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha mzee mmoja kule Kibosho. Mzee alinishikia futikamba mvua inanyesha, na mkewe hakuniruhusu kuondoka kabla sijala. Makala ikatoka katika jarida la nje. Nikapanda tena mlimani na furaha yangu. Mzee akafuta mikono, akasema, "Haya mwalimu, nionyeshe." Nikafungua simu pale barazani. Jina langu lipo, muhtasari upo, na chini yake kisanduku: lipa dola 35. Kijana wake, ambaye ni afisa ugani, alikuwa ameshainama kutazama. Sote watatu tukakitazama kisanduku kile. Mibuni ni yao, jasho ni letu, na hakuna hata mmoja wetu mwenye ruhusa ya kusoma. Ruhusa hiyo niliitoa mwenyewe, usiku mmoja, kwa kubonyeza "nakubali".

Najua mnachowaza: "Mwalimu, majarida huria yanamtoza mwandishi ada, na mimi bumu lenyewe, posho ya mkopo wa chuo, halifiki mwisho wa mwezi." Hoja hii naijibu kila mwaka na sitachoka, kwa sababu inawafungia vijana mlango ulio wazi. Makala ina nakala tatu. Kuna rasimu uliyotuma. Kuna ile uliyoisahihisha baada ya maoni ya wahakiki, wataalamu wanaoipima makala, mhariri akaikubali. Kisha ile iliyopangwa kurasa na jarida, yenye nembo yao. Majarida mengi, hata ya kulipia, yanakuruhusu kuiweka ile ya pili kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo chako. Mengine papo hapo, mengine baada ya miezi 6, 12 au 24. Hulipi senti. Masharti ya jarida lako yatafute kwenye tovuti ya Open Policy Finder, iliyokuwa ikiitwa Sherpa Romeo, kabla hujatuma.

Sasa nikiwauliza iko wapi nakala hiyo, naambiwa kompyuta iliungua, au flashi ilibaki steshenari. Jamani! Kazi ya miaka mitatu inakaaje kwenye flashi moja? Siku barua ya kukubaliwa inapoingia, hifadhi faili, liandike tarehe, jitumie kwa barua pepe, na mpelekee mkutubi siku hiyohiyo. Wakutubi wetu wanaisubiri hiyo kazi, hatuwapelekei.

Yangu niliipata kwenye kompyuta ya zamani. Miezi 12 ilipotimia nikaichapa, nikampelekea yule afisa ugani. Aliisoma kwa kalamu mkononi, akanionyesha jedwali ambalo angelihitaji misimu miwili nyuma.

Ukiamua kwenda jarida huria kabisa, ombi la msamaha wa ada liwasilishe wakati wa kutuma makala, si baada ya kukubaliwa. Wachapishaji kama PLOS na BMC wana utaratibu huo kwa nchi za kipato cha chini. Vijana wengi hulipa au hukata tamaa bila kuuliza.

Na msiniambie huria maana yake dhaifu. Ubora wa makala unaletwa na uhakiki. Kufuli halihakiki kitu. Wapo matapeli, ndiyo: barua ya sifa tele, makala inakubaliwa ndani ya siku tatu, kisha ankara. Angalia jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza 2003, kisha soma makala zake mbili tatu kwa macho yako. Na AJOL, tovuti inayobeba majarida ya Afrika tangu 1998, msiipite mkikimbilia nje.

Leseni za Creative Commons, zinazosema wengine waitumieje kazi yako, nilipanga kuzigusa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Tutazichukua mchana. Kwa sasa fungueni barua pepe zenu, tafuteni barua ya mwisho kutoka kwa mhariri, mtazame kama faili limo. Asiyeliona aje hapa mbele na kompyuta yake, tulitafute pamoja.