Godoro tunampa, kadi ya kliniki tunabaki nayo

Nawashukuru walezi wa makao ya watoto mliofika, na maofisa ustawi wa jamii naona mmekaa nyuma kule. Mnaonifahamu mnajua nitakachosema. Nitakisema tena, kwa sababu vijana bado wanaletwa wodini.

Mtoto aliyezaliwa na VVU akalelewa kituoni hajawahi kuifuata dawa yake mwenyewe. Mama mlezi ndiye anayekwenda CTC, kliniki ya VVU, ndiye anayetunza kadi, ndiye anayefungua kabati saa mbili usiku na kumwekea kidonge kiganjani. Mtoto anameza, anafungua mdomo akaguliwe, anakwenda kulala. Vipimo vinarudi vizuri, virusi vimefubaa, wafadhili wanafurahi. Halafu anatimiza miaka 18, anapewa godoro, begi na nauli.

Kuna binti mmoja, simtaji. Alipata kazi za ndani mjini, akawa analala chumba kimoja na watoto wa bosi wake. Kopo la TLD, kidonge cha VVU, mnalijua, ukilishika tu linalia. Akalijaza pamba lisisikike. Mama mwenye nyumba akaliona, akauliza la nini, binti akasema vitamini. Usiku ule akavihamishia vidonge kwenye karatasi ya daftari, akavificha chini ya lile godoro alilotoka nalo kituoni. Joto na unyevu vikafanya kazi yake, vidonge vikaanza kumomonyoka. Siku ya kliniki ikafika. Kuomba ruhusa lazima useme unakwenda wapi, naye akaona bora asiende. Hata angetaka, kadi ilibaki kwenye faili la kituo, na barua ya uhamisho hakuna aliyeiandika. Nilipomkuta hospitalini alikuwa na kifua kikuu, amebaki mifupa. Nikamuuliza, mwanangu, unatumia dawa gani? Akanijibu, "Kile cheupe."

Kile cheupe! Amekimeza miaka yote hiyo, jina lake halijui.

Najua wapo wanaosema moyoni: mtoto akielezwa mapema atawatangazia wenzake. Shirika la Afya Duniani lilishashauri tangu 2011 kwamba mtoto wa umri wa shule aelezwe hali yake, taratibu, kadiri anavyoelewa. Na sheria yetu ya Tanzania tangu 2019 inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Anayeaminiwa kupima mwenyewe anashindwaje kuaminiwa kadi yake? Tunaoogopa ni sisi watu wazima.

Mwingine atasema Sheria ya Mtoto ya 2009 inaishia miaka 18, na bajeti hakuna. Sheria imesema mtoto ni nani, haijakukataza kupokea simu yake akiwa na miaka 19. Wa kumzaa mwenyewe, akifikisha 18 unambadilishia kitasa?

Ninachotaka ni hiki. Akifika miaka 13 aende kliniki pamoja na mama mlezi, aongee na nesi kwa mdomo wake. Akifika 15 ashike kadi, alijue jina la dawa, ajue kipimo cha wingi wa virusi kilisomaje mara ya mwisho. Kabla hajatoka, barua ya uhamisho iwe imeandikwa, na muulizeni nesi kama anaweza kupewa dawa za miezi 3 au 6, asiombe ruhusa kazini kila mwezi.

Vitambulisho, nakwenda haraka. Fomu ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, inataka taarifa za wazazi. Aliyeokotwa atazitoa wapi? Na bila namba ya NIDA hasajili laini kwa jina lake, kwa hiyo nesi anampigia nani akikosa kliniki? Maofisa ustawi, hili ni lenu, lianzeni akiwa bado kituoni.

La mahusiano lilihitaji saa nzima, na mwenyekiti ananyoosha kidole kwenye saa. Waambieni ukweli: anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na anaweza kupata mtoto asiye na VVU. Wengi wanatoka kwetu wakiamini ndoa si yao. Kodi ya chumba na mitaji tutaongea mchana.

Karatasi zinapita sasa hivi. Kila kituo kiandike idadi ya vijana wenye miaka 15 na kuendelea ambao kadi zao bado ziko kabatini kwa mlezi. Majina msiandike. Nazikusanya kabla ya chai.