Bei Njoo Inboksi: Kuuza Mtandaoni kwa Mtaji Mdogo

REHEMA: Karibuni kwenye kipindi. Niko na kaka Musa hapa Dar, na leo tunaongea na mwenye biashara ya mtu mmoja. Unapika vitumbua, unashona, unauza viatu vya mtumba. Simu yako ndiyo duka, ndiyo ofisi, ndiyo kila kitu.

MUSA: Na bando lenyewe la kuungaunga.

REHEMA: La kuungaunga! Sasa mimi naanza na ugomvi. Kaka Musa, ile "bei njoo inboksi", mteja aje kwenye meseji badala ya kuiona bei kwenye tangazo, mnaipendea nini nyie wauza viatu?

MUSA: Da Rehema, taratibu. Ina sababu zake. Nikiandika bei, jirani anayeuza mzigo kama wangu anashusha 2,000 hapohapo. Halafu watu wetu wanapenda kupatana. Mteja asipokuuliza "bei ya mwisho?" anajiona kapigwa.

REHEMA: Jirani bei yako anaijua, mmechagua mzigo palepale soko la Karume, alfajiri ileile. Unayemficha ni mteja. Mtu yuko kwenye daladala, kakiona kiatu, kakipenda, kauliza. Wewe una mteja mwingine mbele yako, unakuja kumjibu baada ya saa mbili. Ile hela ishakuwa mboga.

MUSA: Kuna wanaouliza tu, hawana nia.

REHEMA: Bei ingewachuja. Asiye na 30,000 angeiona, angepita zake, na wewe usingechoka vidole kumjibu.

MUSA: Haya, nusu nakupa. Kwa kiatu kimoja kimoja naandika bei. Kwa mzigo mchanganyiko naandika "kuanzia 25,000".

REHEMA: Ila hiyo "kuanzia" iwe ya kweli. Sio mteja anakuja, cha 25,000 ni kimoja, namba 38, tena cha mguu mwembamba.

MUSA: (anacheka) Umeniumbua. Ngoja tuhamie kwenye picha, huko najidai kidogo. Kiatu cha mtumba kinataka picha za ubavuni, kisigino, soli, na ile lebo ya namba kwenye ulimi. Ukiweka lebo, swali la "namba ngapi?" limekufa. Piga mchana, karibu na mlango, flashi uizime. Flashi inaifanya kahawia iwe kama chungwa, mteja akipokea anasema umemtumia kingine.

REHEMA: Na kasoro je?

MUSA: Naipiga picha yake peke yake, na kidole kinaonyesha. Mshono umeachia hapa, soli imelika huku. Kuna wanaonunua hivyohivyo kwa sababu wana fundi wao. Anayekasirika ni yule aliyeigundua nyumbani.

REHEMA: Sasa kwenye WhatsApp. Watu wengi bado wanauzia kwenye ile ya kawaida, wakati WhatsApp Business ipo tangu 2018 na hailipiwi kuipakua. Unaweka saa za kazi, mahali ulipo, katalogi yenye picha na bei. Lakini mimi ninachokipenda zaidi ni lebo, maana unaweza kumpa kila mteja alama yake: huyu kalipa, huyu anasubiri mshahara, huyu anavaa namba 41.

MUSA: Hiyo ya namba 41 ni hela. Mzigo ukiingia, simtangazii kila mtu. Nawafuata wenye 41, nawaambia kuna pea mbili. Mtu anaona nimemkumbuka.

REHEMA: Na wengi wanalalamika kwamba matangazo yao hayafiki. Wameweka watu 200 kwenye orodha ya matangazo, ile broadcast ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, wametuma, kimya. Mara nyingi sababu ni hii: ujumbe wa orodha ile unamfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kumhifadhi yeye hakutoshi.

MUSA: Kwa hiyo siku ya kuuza ndiyo siku ya kuomba. "Dada, nisevu, uandike Musa Viatu, nikipata mzigo nikutumie." Akiwa mbele yako na mfuko mkononi hakatai. Na ukishahifadhiwa, nawe ukamhifadhi, hata status zako anaziona, maana bila hivyo unajitupia peke yako.

REHEMA: Wafuasi wa Instagram ni wazuri, sikatai, ila sio wako. Mnakumbuka Oktoba 4, 2021? Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja duniani kote, kwetu ilikuwa kuanzia magharibi hivi mpaka baada ya saa sita usiku. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari alituma SMS ya kawaida. Mwingine alikaa kuitazama simu.

MUSA: Daftari liwepo, la karatasi. Simu inaibiwa.

REHEMA: Tuje kwenye kuaminika, maana matapeli wametuharibia. Mteja wa Mbeya hakujui, akutumie hela vipi?

MUSA: Kwanza jina. Anapolipa, kabla hajaweka namba ya siri, simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Ukurasa unasema hivi, jina linatokea la mtu mwingine kabisa, la shemeji yako. Anafuta muamala. Chukua Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo, yenye jina la biashara, au basi uandike kabisa kwenye ukurasa: "jina litakalotokea ni hili."

REHEMA: Na mzigo wenyewe?

MUSA: Mzigo wa mkoani naupeleka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Nikishalipia napiga picha mbili: mzigo ukiwa na jina lake, na risiti ya basi. Namtumia na namba ya ofisi ya basi upande wa kupokelea. Tangu nianze hivyo, zile simu za "kaka umenitapeli?" zimepungua sana.

REHEMA: Hapo niseme neno. Wengi wanatupia picha za miamala kama ushahidi kwamba wateja wanalipa, na namba ya simu ya mteja na jina lake kamili vinaonekana. Hivyo sivyo jamani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, yule ni mteja wako. Mwombe ruhusa, na namba uifunike.

MUSA: Kuna swali la msikilizaji: "Nina 30,000, nibusti tangazo Instagram au niongeze mzigo?"

REHEMA: Nipe hesabu, wewe ndiye mwenye viatu.

MUSA: Tuseme umelipia 30,000 tangazo lionwe na wengi. Wamekuja watu 12 kuuliza, watatu wamenunua. Faida yako kwa pea ni 8,000. Tatu mara nane, 24,000. Umekula hasara ya 6,000, na mkononi unahesabu mauzo ya pea tatu, unajiona umefanya kazi.

REHEMA: Lakini kama mmoja wao akirudi mwezi ujao?

MUSA: Akirudi mmoja, hasara imefutika na 2,000 imebaki. Ndiyo maana nasema tangazo la kulipia ni la mtu ambaye wateja wake wanarudi na anajua faida yake kwa pea. Kama hujui faida, hela hiyo ongezea mzigo. Na ukibusti, chagua eneo unaloweza kupeleka. Unatangaza Tanzania nzima na vitumbua vyako vinauzwa Tabata?

REHEMA: (anacheka) Mtu wa Kigoma anapenda picha, anapita.

MUSA: Anakula kwa macho!

REHEMA: Kwa mpishi, fundi cherehani, saluni, bora Ramani za Google. Kujiandikisha ni bure. Mara nyingi watakutaka upige video inayoonyesha mtaa, bango lako, na wewe ukifungua mlango au ukiwa kazini. Kwetu nyumba nyingi watu huzielekeza kwa mti na msikiti, kwa hiyo ile pini, alama ya mahali kwenye ramani, ni msaada mkubwa. Iweke mlangoni hasa, maana ikikaa barabarani bodaboda atakupigia simu kila siku.

MUSA: La mwisho, huyu anauliza: "Niwe TikTok, Facebook, Instagram, zote?"

REHEMA: Aa, wapi. Waulize wateja kumi wa mwisho walikuonea wapi. Wakisema status ya shoga yao, basi wewe kazi yako iko WhatsApp, TikTok isubiri.

MUSA: Mimi nitabishana kidogo, TikTok video ya kusafisha raba chafu imeniletea watu ambao nisingewapata.

REHEMA: Walinunua?

MUSA: Wengine walileta raba zao nizisafishe. Sasa natoza 5,000 kwa pea.

REHEMA: Hiyo tutaiongelea wiki ijayo, na bei uiandike.