"Kafa Maji" Si Jibu

(Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara, mbele ya manahodha, wavuvi na vijana wanaozamia kwa mitungi)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, na najua wapo manahodha hapa walioacha bahari shwari kwa ajili ya kikao hiki. Adhuhuri haitatukuta ndani.

Nianze na neno letu wenyewe. Mtu akifia baharini huku kwetu, kuanzia Msimbati mpaka Lindi, watu huulizana: kapatwa na nini? Jibu linakuja: "Kafa maji." Tunasema innalillahi, tunazika, tunakaa matanga, yamekwisha. Kwa mtu ambaye ngalawa yake imepinduka usiku, neno hilo angalau linaeleza jambo. Kwa mtu aliyeshuka na mtungi wa hewa mgongoni halielezi kitu. Hewa alikuwa nayo. Imekuwaje afe maji?

Mwaka 2008, watafiti wa shirika la Divers Alert Network la Marekani walichapisha uchambuzi wa vifo 947 vya watu waliozamia kwa burudani, vilivyotokea kati ya 1992 na 2003. Kila kifo walikifungua kama mtu anavyofungua kamba yenye mafundo manne. Fundo la kwanza: nini kilianza kuharibika? La pili: baada ya hapo, ni nini kilimfikisha mahali hawezi tena kujiokoa? La tatu: aliumia wapi mwilini? La nne ni kifo chenyewe. Sisi tukisema "kafa maji" tumeshika fundo la nne tu. Na wao walikuta kwamba pale ambapo mwanzo ulijulikana, katika visa 41 kwa kila 100 kilichoanza ni hewa kupungua mtungini. Si papa, si mkondo. Ni mshale wa geji, kile kipimo cha hewa iliyobaki mtungini, ambao haukutazamwa kwa wakati. Kisha kwenye fundo la pili, jambo lililoongoza kuliko yote lilikuwa kupanda juu kwa haraka.

Hapo kwenye kupanda nataka tukae kidogo. Dada yangu pale mbele, naomba ushike chupa hii. Ibonyeze. Inabonyea? Haibonyei, ngumu kama jiwe. Wapitishie na wenzako. Ni chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, tena tupu. Jana nilishuka nayo mita 10, nikaigeuza mdomo chini, nikaijaza hewa ya mtungi wangu, nikakaza kizibo hukohuko. Kule chini ilikuwa laini, inabonyea kwa kidole. Nirudishieni sasa niifungue.

Mmeisikia. Huo mlio ni nusu lita nzima ya hewa iliyokuwa imejibana humo juu ya nusu lita nyingine. Ukiwa mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya huu wa hapa tulipokaa, mita 20 ni mara tatu, mita 30 mara nne. Hewa unayoivuta kule chini inaingia mapafuni ikiwa imebanwa hivyo hivyo, na ukipanda inatanuka. Chupa ina plastiki ya kuizuia. Mapafu hayana. Mtu akipanda amebana pumzi, mapafu yanachanika, mapovu ya hewa yanaingia kwenye damu na yanaweza kufika kwenye ubongo. Na hizi mita 10 za mwisho, ambazo kijana anaziona si kitu kwa sababu jua analiona, ndizo zenye mabadiliko makubwa kuliko zote.

Ninyi mnaozamia pweza kwa pumzi moja hamjawahi kukutana na jambo hili, kwa sababu hewa mnayoshuka nayo mmeivuta juu na mnarudi nayo ileile. Ndiyo maana mvuvi hodari kabisa, akivalishwa mtungi bila mafunzo, yuko hatarini kuliko mgeni asiyejua bahari. Ustadi wake wa miaka yote unamwambia: bana pumzi.

Sasa nawapa kisa kimoja. Mnamfahamu silakanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani ametoweka mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Songo Mnara, hapa jirani mkoani Lindi, walimnasa mwaka 2003. Miaka mitatu kabla ya hapo, Oktoba 2000, wazamiaji wa Afrika Kusini walimwona akiwa hai kwenye korongo la bahari la Sodwana Bay, kina cha mita 104. Wakajipanga, wakarudi mwezi uliofuata na kamera. Wakawapata watatu, wakawapiga picha. Kisha mmoja wao akazimia hukohuko chini. Mwenzake akamshika, wakapanda pamoja bila kuweza kusimama njiani, pale ambapo mzamiaji hungoja mwili utoe polepole gesi iliyoingia kwenye damu kule chini. Yule aliyezimia, wenzake walimrudisha majini ili mwili upate kuitoa gesi hiyo polepole, akapona. Aliyemshika alifika juu akilalamika shingo, akafia kwenye boti.

Kila nikikisimulia kisa hiki napata uzito moyoni. Sitaki mtu aseme yule bwana alikosea. Ni nani kati yetu angemwachia mwenzake? Ninachouliza ni kilichotangulia: wangepanga vipi tangu wako nchi kavu, ili siku mmoja akizimia, mwingine asibaki na njia mbili tu, kumwacha au kufa naye? Swali hilo linajibika juu, watu wakiwa wamekaa kama tulivyokaa sisi. Mita 100 chini halijibiki.

Na sasa langu mwenyewe. Zamani tulifundishwa kwamba koki ya mtungi unaifungua yote, kisha unairudisha nusu mzunguko. Siku moja, nje ya lango la ghuba hii, mtu aliyenisaidia kuvaa alidhani koki yangu imefungwa wakati ilikuwa wazi. Akaizungusha upande usio wake mpaka mwisho, kisha akairudisha nusu. Kwa hiyo ilikuwa imefunguka nusu mzunguko tu. Juu nilivuta mara mbili tatu, safi. Nilipofika mita 18 nikawa kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija uliotoboka. Nikaangalia geji. Nikivuta, mshale unaanguka; nikitoa pumzi, mshale unapanda. Mwenzangu akaona macho yangu, akapitisha mkono nyuma, akazungusha koki. Hewa ikaja.

Siku ile sikumwambia mtu. Niliosha vifaa nikaenda kula. Misimu miwili baadaye, kijana wa boti nyingine akapatwa na jambo lilelile, koki ileile ya nusu, ila hakuwa na mwenzake karibu. Alikurupuka juu. Alipona baada ya kulazwa, alhamdulillahi. Mama yake alipokuwa anaomba dua wodini, mimi nilikuwa nimesimama pembeni najua kitu ambacho ningekisema mapema. Siku hizi walimu wengi wanafundisha: koki ifunguliwe yote, iachwe hivyo. Desturi ile ya zamani ilibadilika kwa sababu kuna watu waliosema yaliyowapata.

Mzee mmoja aliniuliza kama kuchunguza hivi si kupingana na kudra. Nilimjibu kwamba tunapovutia ngalawa pwani na kuziba ufa kwa kalafati, hatupingani na kudra.

Basi siku ya msiba, Mungu atuepushe, majeruhi kwanza: alazwe chali, apewe oksijeni safi, afikishwe hospitali, na asipandishwe ndege ya kawaida kabla daktari hajaruhusu, maana huko juu mapovu yanatanuka zaidi. Ama vifaa vyake, msivioshe. Msimwage hewa iliyobaki. Andikeni geji inasoma ngapi, na mnapofunga koki hesabuni mmezungusha mara ngapi. Idadi hiyo ingesema kila kitu kuhusu koki yangu. Kisha kila aliyekuwepo asimulie peke yake, siku ileile, kabla simulizi zetu hazijachanganyika barazani na kuwa moja.

Wafiwa waambiwe mapema kwamba hatumtafuti wa kumlaumu.

Nimeleta daftari hili la kaunta. Litakaa hapa Mikindani, na jina la mtu si lazima. Ukurasa wa kwanza nimeandika habari ya koki, na tarehe yake. Nahodha, nakumbuka uliniambia habari za mgeni aliyepotezwa na mkondo wakati wa bamvua, mkampata jua linazama. Kalamu hii hapa.